Mke wa Mtu wa Msituni

Nilimzika mume wangu kiangazi. Mvua iliponyesha nikambeba mgongoni. Nani huyo? Tegua.

Umeshindwa? Usijali, hata Kawira alishindwa. Ruguru alimtegea siku ya kwanza, wamekaa mlangoni mwa nyumba ya plaiwudi, baridi ya Timau ikiwatafuna masikio. Kawira akakisia kivuli, akakisia shamba, akachoka.

"Basi nipe mji," akasema Ruguru.

"Chukua Maua."

"Maua ina kelele, lakini nitaichukua. Jibu utalingoja."

Nyumba ile ilikuwa ya uongo. Kijiji kizima kilikuwa cha uongo, nyumba tisa zilizosimamishwa katikati ya shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa. Wazungu wa nchi rafiki walikuja kuwafundisha askari wetu namna ya kupigana na watu wa msituni kule Boni, na walihitaji wanakijiji wa kufanyia mazoezi. Kawira akapewa kuwa mwenye duka. Ruguru alikuwa amepanda kutoka joto la Mitunguu na kiondo na sweta moja, akapanga chumba kwa Kawira, akasema anataka kibarua hicho, si kingine. Alikuwa na miaka sabini na moja. Wakampa kadi: Wewe ni mke wa mtu wa msituni. Usiseme mume wako yuko wapi mpaka uulizwe vizuri.

Kawira alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtu wa msituni! Na si uliniambia Mutugi wako amelala chini ya migomba, huu mwaka wa ishirini na tano?"

"Huyo ni wa kwanza."

"Ala! Kumbe kuna wa pili?"

"Kula nduma, wewe, itapoa."

Askari wakaja. Aliyewekwa kuuliza alikuwa mrefu, kofia ya chuma mpaka kwenye nyusi, kitambaa mdomoni kwa sababu ya vumbi, fulana nzito ya kuzuia risasi kifuani. Alipomwona Ruguru aliinamisha macho kama mtu aliyekanyaga miche ya jirani. Kisha akakaza sauti.

"Mume wako yuko wapi?"

Ruguru akanyamaza. Walipoondoka alisema, "Amekonda yule."

"Ulimjua lini akiwa mnene?"

"Mfupa husema wenyewe."

Siku ya pili mzungu mwenye kalamu sikioni, ambaye wanawake walimwita Bwana Kalamu, akatangaza kanuni. Kikosi kitakachopata jibu kitakwenda Boni. Kisichopata kitarudi darasani miezi mitatu.

Tangu saa hiyo mdomo wa Ruguru ulizibwa kama mzinga. Walipiga kelele, akanyamaza. Walipindua kitanda na kumwaga unga, akanyamaza. Polepole wakajifunza adabu. Wakabisha hodi, wakamletea maji, wakamuuliza habari za magoti. Yeye aliwagawia ndizi kutoka kiondoni, ya kwanza daima kwa yule mrefu, na jibu hakutoa.

Jioni, nyumbani, Kawira alikuwa akimkemea mwanawe wa miaka mitatu, "Baba, toka kwa moto!" maana mtoto yule alirithi jina la baba yake Kawira, na kwetu jina haliji peke yake, mjukuu anayepewa jina la babu ndiye babu amerudi. Redio ikasema gari lingine la jeshi limekanyaga bomu barabara ya Boni. Ruguru akaizima.

Siku ya kumi na moja askari mrefu alikaa chini kwenye vumbi, akauliza kwa Kimeru, kwa upole, mpaka Bwana Kalamu akaweka kalamu chini. Kawira alijifuta macho dukani kwake.

Ruguru akamung'unya ufizi.

"Shosho, si leo wameuliza vizuri?" Kawira alimuuliza njiani. "Unataka waulizeje, waimbe?"

"Hawa ni watoto wa watu, Kawira. Miezi mitatu ni mingi. Vita vinaweza kuisha."

"Vita gani uliwahi kuona vikiisha?"

Ruguru akakaza mwendo. Usiku ule magoti yalimuuma mpaka kukapambazuka.

Siku ya kumi na mbili walikuta malori kando ya shamba, turubai zimekwisha kufungwa. Bwana Kalamu akaja na Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mama, wewe shinda. Lakini amri imetoka Nairobi. Wote kwenda kesho. Pasi, feli, wote."

Ruguru alisimama pale. Siku kumi na moja za kufunga mdomo zilikuwa maji yaliyomwagwa mchangani. Akakaa kwenye kigoda, mzima mzima, kama gunia linalotuliwa.

Bwana Kalamu akafungua daftari. "Mimi taka jua tu. Jibu ni nini?" Akampungia mkono askari mrefu aulize mara ya mwisho.

Mazoezi yalikuwa yameisha. Askari akavua kofia. Akavua kitambaa, akafungua ile fulana nzito, ikaanguka chini. Kifuani, juu ya mfuko wa shati, palikuwa na jina: MUTUGI. Akapiga magoti, na sauti iliyotoka haikuwa ya kijeshi tena.

"Mume wako yuko wapi?"

Ruguru akatema mate viganjani, kama wazee wanavyombariki anayekwenda mbali, akampaka kichwani, akampaka kifuani.

"Kawira," akaita bila kugeuka, "nakurudishia Maua yako." Kisha akamwinulia uso Bwana Kalamu. "Wewe andika. Mume wangu leo yuko hapa, mikononi mwangu. Kesho yuko msituni."