Viatu Mlangoni

Jimboni kwao, Bi Mwanahawa alikataliwa kusajili lori lake kama makazi. Aliambiwa lori haliwezi kuwa nyumba. Akavuka mpaka nalo, akaliegesha mbele ya ofisi ya usajili ya mji asikokuwa na hata ndugu mmoja.

"Mama, hapa tunasajili magari ya wakazi wa jimbo hili," alisema mkaguzi, sare imenyooshwa, uso umekazwa. "Wewe unakaa wapi?"

"Humo." Alilinyooshea lori kidole. "Mume wangu alipofariki, nduguze walichukua nyumba. Nakaa humo."

Mkaguzi akaguna. "Haya, nikalikague. Lakini usitegemee kitu."

Nyuma ya lori palikuwa na ngazi fupi, mlango wa mbao na pazia la maua. Harufu ya iliki ilitoka ndani. Mkaguzi alipanda, akanyoosha mkono kufunua pazia, kisha mkono ukasita.

"Hodi?" alisema.

Bi Mwanahawa aliitikia. "Karibu, baba. Karibu ndani."

Mkaguzi aliinama, akafungua kamba za viatu, akavivua, akaingia pekupeku.

Bi Mwanahawa hakumfuata upesi. Alisimama akivitazama viatu vile vikubwa vyeusi, viatu vya mgeni, vimetulia mlangoni kwake.