Wino Kidoleni

Kidole gumba cha Naliaka kilikuwa kimekwisha kupakwa wino wa zambarau sajini alipoigeuza karatasi na kuisukuma mbele yake.

"Nimekusomea yote, mama. Ulipita kando ya shamba la diwani, ukaona miwa inaungua. Basi. Gonga kidole hapa, uende ukapike obusuma yako."

Hayo ndiyo aliyoyasema Naliaka tangu Jumatatu walipomkamata, na leo ilikuwa Alhamisi. Lakini macho yake yalitua kwenye mstari wa tatu, akausoma polepole, silabi kwa silabi, kama walivyofundishwa ngumbaru, lile darasa la watu wazima kanisani: ni-li-wa-sha ki-be-ri-ti.

Alikifuta kidole kwa leso yake, taratibu, mpaka wino ukabaki kwenye nyufa za ngozi tu.

"Nipe kalamu, afande."

Sajini alimgeukia konstebo aliyekuwa mlangoni, akacheka. "Eti kalamu! Anataka kutuchorea ingokho, kuku wa kwao." Akamrushia yake.

Naliaka aliukata ule mstari wa tatu. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa kubwa: Hili sikusema. Sikuchoma miwa. Nilikamatwa Jumatatu na mpaka leo sijapelekwa kwa hakimu.

Sajini aliyasoma maneno hayo kichwa chini miguu juu. Kicheko kikamkauka.

"Lete hiyo karatasi!"

Naliaka aliifunika kwa kiganja, kalamu ikiwa bado mkononi.

"Ngoja kidogo, afande. Jina lako linaandikwaje?"