Komeo la Karavani

Miezi minane Atuganile alihangaika na lile karavani bovu, kijumba cha magurudumu cha kukokotwa na gari. Alikwangua kutu, akang'oa sakafu iliyooza, akaweka mbao mpya. Fahari yake kubwa ilikuwa komeo la shaba la mlangoni, alilolisugua kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa. Uyole nzima hapakuwa na komeo jingine. Siku hizo kila mlango ulimtambua mtu wake ukajifungua wenyewe, na kila nyumba iliongea na kusikia yote yaliyosemwa ndani yake.

Mumewe, Ambakisye, alikuja kuliona. Akasimama mbele ya mlango, akangoja.

“Mama Gwantwa, mbona haufunguki?”

“Piga hodi, Baba Gwantwa.”

Akacheka kwa aibu, akapiga hodi. Atuganile alichelewa makusudi kumkaribisha, maana raha ile aliitolea jasho. Kisha akamwingiza, akafunga komeo, wakanong'onezana kama wachumba mambo ambayo nyumbani hawakuthubutu kuyasema.

Ndipo kutoka ng'ambo ya uwanja nyumba yao, ambayo haijawahi kumwomba mtu ruhusa, ikaita kwa sauti ileile ya Ambakisye, pamoja na aibu yake:

“Hodi.”

Atuganile akalishika komeo kwa mikono miwili.