Kifundo cha Mbaruku

Siku ya kuadhimisha timu ya kwanza ya taifa ya mchezo wa kabadi, ukumbini ilitundikwa picha moja kubwa: Mbaruku akirudi na pointi ya kwanza katika historia ya timu. Mwenzake Tindwa, aliyekuwa kando yake siku ile, alionekana kiwiko tu.

"Kiwiko chako kimetoka vizuri, bwana," Mbaruku alimtania. "Hata hakijazeeka!"

Watu wakacheka. Tindwa naye akacheka, meno tu.

Kisha wazee hao wawili wakaombwa kuigiza pointi ile. Mbaruku, na kitambi chake, angevuka mstari akisema "kabadi, kabadi" kwa pumzi moja, amguse Tindwa, ambaye leo angekuwa mpinzani, arudi upande wake kabla pumzi haijakata. Tindwa angemshika mguu kidogo, kwa ajili ya picha, kisha amwachie. Ndivyo walivyopatana.

Mbaruku akavuka, akagusa, akageuka. Tindwa akamdaka kifundo cha mguu, wote wawili wakaanguka kifudifudi.

"Kabadi, kabadi," Mbaruku aliendelea, macho yakimsihi mwenzake. Akitamka neno jingine lolote, pointi imekwenda. Vidole vyake vilibakiza upana wa kiganja tu kuufikia mstari.

"Mzee Tindwa, inatosha, mwachie!" mpiga picha akaita.

"Wewe piga," alisema Tindwa. "Na leo anza na uso wangu."

Sauti ya Mbaruku ilizidi kuwa nyembamba, kabadi, kabadi, na mkono wa Tindwa ukazidi kukaza.