Ukurasa wa Kwanza

Kornelia alifunua kitabu cha hesabu, akatazama ukurasa wa kwanza, akakirudisha mezani. Akachukua cha jiografia. Ukurasa wa kwanza tu, basi.

Kila Jumamosi ndivyo alivyosoma mama huyo, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Moshi na hoteli kule Marangu. Tangu gazeti lilipoandika jinsi matajiri wanavyosoma, vijana wa mjini nao walianza kusoma kurasa za kwanza tu. Utajiri haukuwajia, uvivu waliupata bure.

Godbless, muuza vitabu vya mtumba pale sokoni Kiboriloni, hakuwa na hamu ya kucheka. Siku hizi watu wanasoma simu. Bila Kornelia na vile vitabu viwili vitatu anavyonunua, angefunga biashara arudi kijijini kwao Uru kukatia ng'ombe majani. Ilimpasa amshike mteja huyu kwa mikono miwili.

Basi akamchunguza. Akaona kwamba kila penye ukurasa uliochorwachorwa majina ya wanafunzi, mama aliganda, akashusha pumzi, akakiacha kitabu. Kumbe hapendi uchafu!

Ijumaa iliyofuata Godbless alipokea magunia mawili ya vitabu vya shule vya zamani. Usiku alikesha akiwaza la kufanya, na asubuhi akavishughulikia kimoja kimoja kabla mteja wake hajafika.

"Shikamoo mama. Karibu, leo vyote visafi."

"Marahaba, baba." Kornelia alifunua cha kwanza, cha pili, cha tano. "Kurasa za mbele ziko wapi?"

"Zile zenye majina? Nimezichana zote, mama, usipate shida. Nimempa Tabitha, yule muuza karanga, afungie karanga zake."

Kornelia aliangusha kitabu. Alimkimbilia Tabitha, akanunua karanga zote zilizobaki, akapiga magoti vumbini. Alifungua kifuko kimoja kimoja, akamwaga karanga, akanyoosha karatasi, akasoma. Watu walicheka. Godbless alijua ameshampoteza mteja wake, ila hakujua kwa kosa gani.

"Nisamehe, mama. Unatafuta nini?"

"Mwandiko wa mwanangu Fredy," alisema bila kuinua kichwa. "Wiki tuliyomzika, vitabu vyake niliviuza hapa hapa. Ndio mtaji nilioanzia."