Mgomba wa Bi Nunu

Katika mji ule, mnajimu akishataja siku ya mtu kufa, kaburi lake huchimbwa mapema ili maiti asisubirishwe. Bi Nunu alitajiwa Ijumaa. Alhamisi asubuhi Chande, mchimba makaburi, alimkuta amekwisha kurudisha udongo nusu ya shimo lake, anapanda mgomba ndani.

"Toka humo, dada yangu! Hilo ni kaburi la mtu!"

"Mtu mwenyewe si mimi?" Bi Nunu hakuinua hata uso.

"Unashindana na Mungu? Yeye anajua yote."

"Anajua yote yaliyopo. Hiyo kesho ipo wapi, Chande? Nionyeshe nami niione." Aliushindilia udongo kwa kisigino. "Angetaka kigogo, angechonga kigogo. Mimi kanipa kichwa kigumu, na sasa anangoja aone nitakifanyia nini."

Chande alichungulia shimoni. Wote aliowachimbia kabla yake walijifungia ndani, wakajilaza, wakafa.

"Na ukifa hiyo kesho?"

Bi Nunu alizidi kuvuta udongo kwa jembe.

"Mtachimba jingine. Hili limeshapata mwenyewe."

Ijumaa, jua lilipochomoza, Chande alikwenda makaburini na sepetu begani. Wiki ya tatu ilikuwa inakatika bila tone la mvua. Udongo kwenye shina la mgomba ulikuwa umelowa chepechepe, na nyayo mbichi za Bi Nunu zilielekea mjini.