Lita ya Arobaini

Siku hizi vituo vyote vinauza spiriti ya miwa. Petroli ya zamani hutolewa lita moja tu, siku ya arobaini, ili pikipiki ya marehemu iwashwe uani na kuachwa iungurume mpaka izime yenyewe. Hapo ndipo afisa wa kata hufunga msiba na kuichukua pikipiki.

Niliona lita moja haitanitosha kumsikia mume wangu, Kobelo. Kwa hiyo wiki moja kabla nilimimina spiriti ya jiko kwenye tangi, ili muungurumo uendelee zaidi.

Siku ilipofika, majirani walikusanyika uani. Fundi Mlekwa, rafiki wa marehemu, alitia ile lita, akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Akafungua kabureta.

“Shemeji, ulitia nini humu?”

“Spiriti kidogo.”

“Aa, shemeji! Tangi lenyewe la zamani, la petroli tu. Spiriti imebandua kutu yote na kuishusha huku. Mipira ya kabureta nayo imevimba kama maandazi. Hii haiwaki tena.”

“Hata kidogo?”

“Hata aje Kobelo mwenyewe.” Kisha akainama, akafuta mikono kwa muda mrefu.

Afisa alisema bila muungurumo hawezi kuandika kwamba msiba umekwisha. Mikeka bado imetandikwa sebuleni, na haturuhusiwi kuikunja.

Leo asubuhi binti yangu, Tatu, aliniuliza iwapo baba amekufa au bado. Nikamwambia anywe uji.